Maswali Yenu: Sanamu ni nini hasa, na kigoda cha bibi nikifanyeje?

Haya wapendwa, mwezi huu simu imejaa meseji za sanamu tupu. Mwezi uliopita niligusia kidogo habari ya Haruni na ule ndama wa dhahabu, jinsi alivyomjibu Musa eti nilitupa dhahabu motoni akatoka ndama huyu, kama vile ndama alijitengeneza mwenyewe, nikacheka nikaendelea na mambo mengine. Kumbe nimechokoza nyuki. Mmeandika kutoka hapa Dodoma mjini, Kondoa, Mpwapwa, mpaka Manyoni huko, na zilizofanana nimeziunganisha. Majina siweki, mnajua utaratibu wetu.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Muanglikana, mke wangu Mkatoliki, tunaishi Ipagala. Ameweka sanamu ndogo ya Mama Maria juu ya kabati la tivii na rozari pembeni. Mama yangu alipokuja kututembelea toka Mvumi aligoma kula pale sebuleni, akasema nyumba ina sanamu na amri ya pili inakataza. Mke wangu akajibu kwao amri ya pili ni kutotaja bure jina la Mungu. Nani kadanganya hapo?

Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie mama ale, chakula hakina kosa. Alafu hakuna aliyedanganya, amri ni zilezile 10 ila wamezihesabu tofauti. Waanglikana, Wapresbiteri na Waorthodoksi wanalitenga lile neno la usijifanyie sanamu ya kuchonga, linakuwa la pili. Wakatoliki na Walutheri wanaliweka ndani ya ile ya kwanza ya usiwe na miungu mingine, kwahiyo kwao ya pili inakuwa jina la Mungu, na ili zitimie 10 ile ya kutamani kule mwishoni wanaigawa mara mbili, Wakatoliki mke wa jirani peke yake na mali ya jirani peke yake, Walutheri wanatenga nyumba ya jirani kwanza alafu mke na vilivyobaki. Maneno ni yaleyale Kutoka 20 kwa wote. Ndo maana mtu akiniambia "amri ya ngapi sijui" namuuliza kwanza, wewe unasali wapi?

Sasa kitu chenyewe. Watu wengi wanasoma mstari wa 4 wanaishia hapo, wakati mstari wa 5 ndo unaofunga maneno, usivisujudie wala kuvitumikia. Maana ingekuwa ni umbo tu, Mungu angekuwa anajipinga, kurasa chache mbele Kutoka 25 anaagiza makerubi wawili wa dhahabu wakae juu ya sanduku la agano wamekunjua mabawa. Na Sulemani kule hekaluni aliweka ile bahari ya kusubu, yani beseni kubwa la shaba la makuhani kunawia, likakalia migongo ya ng'ombe 12 wa shaba, watatu wanaangalia kaskazini, watatu magharibi, hivo hivo mpaka pande zote nne, na hakuna nabii aliyepiga kelele. Sulemani akafa, Yeroboamu akatengeneza ndama wawili tu, mmoja Betheli mmoja Dani, na hiyo ndo dhambi inayotajwatajwa mpaka ufalme wa kaskazini unaanguka. Ng'ombe 12 sawa, ndama 2 balaa! Wale 12 walikuwa wamebeba maji. Wale wawili watu waliambiwa hawa ndo waliowatoa Misri.

Kwahiyo mimi nikisoma habari za sanamu siangalii sana kitu chenyewe, naangalia mikono na midomo ya watu walioko mbele yake. Wanakibusu, Hosea 13 anawasema watu wazima wanaobusu ndama, na wale 7,000 wa siku za Eliya wanajulikana kwa magoti ambayo hayakupigwa kwa Baali na vinywa ambavyo havikumbusu. Ayubu yeye anajitetea kwamba hakuwahi kuutazama mwezi ukienda kwa fahari akaubusu mkono wake mwenyewe kwa siri, hapo hata sanamu ya kushika hakuna, ni mwezi tu na mkono wa mtu. Wanakiokea mikate, Yeremia 7, watoto wanaokota kuni, baba anawasha moto, mama anakanda unga, mikate ya mungu mke waliyemuita malkia wa mbinguni, na hiyo picha huwa inaniuma maana ni familia yenye ushirikiano mzuri kabisa, wengine humu hata kuni hatusaidiani. Wanakililia, Ezekieli aliwakuta wanawake wamekaa lango la kaskazini la hekalu wanamlilia Tamuzi, mungu wa Babeli. Na kule bonde la Hinomu, mahali palipoitwa Tofethi, walipitisha watoto wao motoni kwa mungu Moleki. Hapo sina la kuongeza.

Tukirudi Ipagala. Kanisa lilikaa likaliongea jambo hili la picha na sanamu kwenye Mtaguso wa pili wa Nikea mwaka 787, kabla mashariki na magharibi hawajaachana, wakasema picha inapewa heshima na heshima hiyo inamwendea aliyechorwa, ila ibada ni ya Mungu peke yake. Mkeo analelewa na maelezo hayo. Waprotestanti wengi hawayakubali, wanasema mtu wa kawaida mstari kati ya heshima na ibada hauoni. Mimi nimekulia Anglikana na sanamu ya Maria siwezi kuiweka kwangu, sifichi. Lakini kumwita mtu mwabudu sanamu ni neno zito, usimrushie mkeo kwa sababu ya kitu kilichokaa juu ya kabati. Muulize mkiwa mmekaa wawili, sio umesimama mlangoni na mama nyuma yako, ukipiga magoti pale unaongea na nani na unamwomba nini? Alafu sikiliza mpaka amalize.

Mwalimu habari. Nauza vinyago, vijiko vya mti na vibuyu vilivyochorwa, nipo Chang'ombe. Mzee mmoja wa kanisa alipita akaniambia nauza miungu. Toka siku hiyo nasikia aibu kwenda ibadani. Niache biznesi?

Usiache, na jumapili nenda.

Kuna fundi wa vinyago siku moja nilikaa kibandani kwake nasubiri baiskeli yangu izibwe pancha kwa jirani yake. Alikuwa na gogo, upande mmoja shingo ya twiga imeshatoka na masikio yake, upande wa pili bado ni gamba la mti kabisa. Miguuni pake amewasha moto wa vipande alivyovichonga toka kwenye gogo lilelile, sufuria ya chai inatokota, akanikaribisha kikombe. Nikanywa chai iliyochemshwa na ndugu yake twiga. Sasa kasome Isaya 44 utamkuta fundi huyohuyo, anakata mti, nusu anaota moto na kuoka mkate na kuchoma nyama mpaka anasema aha nimepata joto, alafu nusu iliyobaki anaifanya mungu anaiangukia anasema niokoe. Isaya anauliza hivi huyu hajiulizi kweli kwamba anasujudia kipande cha kuni? Fundi wangu yeye hajafika huko, alimaliza chai akaendelea na twiga, na akitoka na mkwaruzo anauza kwa bei ya chini.

Manabii walikuwa na utani mkali sana juu ya hivi vitu, sijui kwanini mahubiri yetu yameupoteza. Isaya anasema wanakipigilia misumari kisitikisike. Miungu ya Babeli, Beli na Nebo, anaichora imepakizwa kwenye wanyama wa mizigo, wanyama wamechoka hoi, mungu badala ya kukubeba wewe unambeba yeye. Dagoni, mungu wa Wafilisti kule Ashdodi, asubuhi wanamkuta kaanguka kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana, wanamsimamisha, kesho yake wanamkuta tena chini kichwa na mikono imekatikia kizingitini, na makuhani wake kwa adabu kabisa wakaanza kukiruka kile kizingiti. Na Yeremia 10, kwenye Biblia yangu ya zamani imeandikwa sanamu ni kama mtende, sikuwahi kuelewa utani uko wapi, mpaka nikasoma tafsiri mpya ikasema kama kinyago cha kutishia ndege kwenye shamba la matango. Nikacheka peke yangu! Mimi nimekulia Bahi kwenye uwele, kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege, unashinda juu ya dungu na kopo na mawe kwelea kwelea wasishuke. Babu akachoka na uzembe wetu akafunga miti miwili msalaba, akaivalisha koti lake kuukuu na kofia, akaisimika katikati ya shamba. Wiki ya kwanza ndege walipita mbali. Wiki ya pili walikuwa wanatua mabegani kwake wanapumzika kabla ya kushuka kula. Yeremia ndo anachosema, msiviogope, haviwezi kudhuru wala haviwezi kutenda mema.

Huyo mzee wako labda alikuwa anamfikiria Demetrio wa Efeso, Matendo 19, mfua fedha aliyetengeneza vihekalu vya fedha vya mungu mke Artemi. Lakini Demetrio alijua vitu vyake vinaenda kwenye ibada, soko lake lilikuwa ni ibada yenyewe, ndo maana Paulo alipohubiri alikusanya mafundi wenzake akaanza na hoja ya mfuko, mnajua utajiri wetu unatoka kwenye kazi hii, mungu mke akaja baadaye. Mji mzima ukaenda kupiga kelele kwenye ukumbi masaa mawili na wengi wao hawajui wameitiwa nini. Wewe anayenunua twiga anampeleka kwenye kabati lake. Siku akija mtu akakwambia nataka kinyago cha kupeleka kwa mganga, hapo mambo yanabadilika, na Paulo kwenye 1 Wakorintho 10 aliwapa wale wa Korintho njia hiyohiyo kuhusu nyama, nunua sokoni ule usiulizeulize, ila mtu akikwambia hii imetolewa sadaka kwa sanamu basi acha.

Mwalimu, mimi nafundisha shule ya msingi wilaya ya Kondoa. Tulipanga safari ya wanafunzi kwenda Kolo kuona michoro ya mapangoni. Wazazi wawili wamegoma, wanasema kule ni kwenye miungu watu wanaenda kuomba mvua, na mmoja kanisomea Walawi 26:1. Nimeshindwa kujibu.

Hili ndo swali lililonifanya nikae na Biblia mpaka usiku.

Kolo ukitoka Dodoma kwa barabara ya Babati unapitiliza Kondoa mjini, na michoro ile tangu 2006 imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Watu warefu wembamba wa rangi nyekundu, twiga, tembo, miambani tu. Na ni kweli wazazi hawajatunga, Mungomi wa Kolo, moja ya sehemu hizo zenye michoro, wapo watu mpaka leo wanapaenda kwa matambiko. Kwahiyo usiwajibu kwa kuwacheka.

Walawi 26:1 imesema msiweke jiwe lililochorwa sanamu katika nchi yenu ili kulisujudia. Yale maneno mawili ya mwisho wasomee kwa sauti. Alafu wafungulie Ezekieli 8, pale nabii anaambiwa atoboe ukuta anaingia chumba cha ndani cha hekalu, kuta nzima zimechorwa wadudu na wanyama na sanamu, na mbele yake wamesimama wazee 70, kila mmoja na chetezo mkononi, moshi wa ubani unapanda juu. Mchoro peke yake ni mchoro. Mchoro na chetezo ni ibada. Wanafunzi wako wanaenda na daftari na kalamu na chupa za maji, hilo waeleze wazazi, na mzazi ambaye bado hataki mtoto wake aende muache abaki, usimlazimishe.

Ila mimi nilichobaki nacho usiku ule ni hiyo mvua. Wahubiri wanamuongelea Baali kama vile watu wa Israeli walikuwa wajinga wanapenda tu mawe, hapana jamani, Baali alikuwa mungu wa mvua. Mwaka 1928 mkulima mmoja pwani ya Syria akilima jembe likagonga kaburi la zamani, mwaka uliofuata wakaanza kuchimba wakaukuta mji wa Ugariti na vibao vya udongo vyenye hadithi za Baali wa Wakanaani, wanamuita mpanda mawingu, akishindwa na Moti ambaye ni kifo nchi inakauka, akirudi mvua inarudi. Kuna na jiwe lake limechongwa kashika rungu mkono mmoja na mkuki wa radi mkono mwingine, liko makumbusho ya Louvre kule Paris. Sasa jiweke wewe ni mkulima kwenye vilima vya Kanaani, huna Mto Nile kama ulikotoka, unategemea kinachotoka juu. Sisi wa Dodoma tunaelewa hii bila mwalimu, tunapata kama milimita 570 kwa mwaka mzima, msimu mmoja tu, Desemba ikipita kavu watu wanaanza kuangalia mawingu kama wanavyoangalia simu ikisubiriwa meseji ya mshahara. Wazee wetu wa Kigogo nao mtemi ndo alikuwa mwenye mvua, na mawe yake ya mvua.

Ndo unaona kwanini Baali hakutoka kirahisi. Hakuja kuchukua nafasi ya Mungu aliyewatoa Misri, huyo wa Misri walibaki naye kwa ajili ya vita na sikukuu, Baali akapewa shamba. Pembeni ya madhabahu yake wanasimika Ashera, mti au nguzo ya mti, ile aliyoikata Gideoni usiku kwa kuogopa watu wa nyumbani kwake, na nguzo za mawe, na yote hayo yanawekwa mahali pa juu, kilimani chini ya mti wenye kivuli. Kumbukumbu la Torati 16 inakataza kusimika Ashera pembeni ya madhabahu ya Bwana, na sheria haikatazi kitu ambacho watu hawakifanyi.

Kwahiyo Eliya alipowaita manabii 450 wa Baali mlima Karmeli kwenye njaa ile ya mwaka wa tatu bila mvua, alikuwa anamshindanisha Baali kwenye uwanja wake wa nyumbani. Wale walirukaruka toka asubuhi, wakajikata na visu mpaka damu, Eliya anawaambia pazeni sauti labda kasafiri, labda kalala. Moto ukashuka kwa Eliya, lakini watu tunasahau kwamba moto haukuwa mwisho, mwisho ni kijana kutumwa mara 7 kwenda kuangalia baharini, na mara ya 7 anasema naona wingu dogo kama mkono wa mtu. Hapo ndo kesi iliisha.

Na kuna wale wanawake wa Yeremia 44, nawaheshimu kwa ukweli wao. Wamekimbilia Misri, mji wa Yerusalemu umeanguka, Yeremia anawaambia acheni kumfukizia malkia wa mbinguni, wanamjibu usoni, tulipokuwa tunamfukizia tulishiba chakula, tangu tulipoacha tumepungukiwa na kila kitu. Wao wanapiga hesabu ya mkulima, na hesabu hiyo huwezi kuijibu kwa kuwaambia watu sanamu ni jiwe tu. Wanajua ni jiwe. Wanachouliza ni nani anayeleta mvua. Mwalimu mwenzangu, nadhani hao wazazi wawili nao ndo wanachoogopa, sio michoro.

Shikamoo. Mimi niko kidato cha 3. Kuna tofauti gani ya sanamu ya kuchonga na sanamu ya kusubu?

Marahaba. Kuchonga ni kutoa, unaondoa mti au jiwe mpaka umbo linabaki. Kusubu ni kumimina, unayeyusha chuma au dhahabu unamwaga kwenye kifinyango kinapoa. Mara nyingi walichanganya, ndani mti, nje wanafunika dhahabu au fedha, na Isaya 40 anasema maskini anachagua mti usiooza basi. Alafu usidhani zote zilikuwa kubwa, mwaka 1990 Ashkeloni ilichimbuliwa sanamu ya ndama wa Wakanaani, mwili shaba na amepakwa fedha, urefu kama sentimita 10, ana kibanda chake cha udongo. Anakaa kiganjani. Ile ya Nebukadreza kwenye Danieli 3 ndo ilikuwa dhiraa 60, kama mita 27 hivi.

Mwalimu, bodaboda yangu nimebandika stika yenye picha ya mtumishi na ndani ya koti nina mafuta ya upako. Mwenzangu kijiweni anasema na mimi naabudu sanamu. Mbona vimetoka kanisani?

Swali lako la mwisho ndo penyewe, vimetoka kanisani. Na yule nyoka wa shaba alitoka wapi? Hesabu 21, Mungu mwenyewe alimuagiza Musa amtengeneze, aliyeumwa akimuangalia anapona. Hakuna kitu halali kuliko hicho. Mamia ya miaka baadaye mfalme Hezekia anakikuta bado kipo na watu wanakifukizia uvumba, akakivunja vipandevipande akakiita Nehushtani, ni kama kusema kidude cha shaba tu. Gideoni naye, mtu aliyebomoa madhabahu ya Baali, akachukua hereni za nyara shekeli 1,700 za dhahabu, kama kilo 19 hivi, akatengeneza efodi, yani vazi kama la kuhani, akaiweka mjini kwake Ofra, Israeli wote wakaifuata, ikawa mtego kwake na nyumba yake. Hivi ndo huwa vinanitisha mimi, sio vile vya kwa mganga, maana vya kwa mganga mtu anajua anaficha nini.

Alafu kuna Mika, Waamuzi 17, familia ya ajabu sana. Kaiba fedha 1,100 za mama yake, akarudisha kwa kuogopa laana, mama akaziweka wakfu zote kwa Bwana, alafu akatoa 200 kwa mfua fedha atengeneze sanamu. Hizo 900 mimi huwa nazitafuta sizioni. Mika akajenga kijumba cha miungu, akapata kijana Mlawi, wa kabila la makuhani, akamuajiri kwa fedha 10 kwa mwaka na suti ya nguo na chakula, akasema sasa najua Bwana atanitendea mema kwa kuwa nina Mlawi. Hilo sasa najua lisome polepole. Sura inayofuata Wadani wanapita wanaiba sanamu na Mlawi wake anaondoka nao moyo umefurahi, Mika anawakimbilia analia mmechukua miungu yangu niliyoitengeneza, nimebaki na nini?

Nisijifanye mtakatifu. Miaka ya nyuma nilikuwa na mgogoro wa kiwanja, nikaenda kwenye huduma moja nikanunua chupa mbili za maji, elfu 10 kila moja, nikanyunyizia kwenye kona nne za kiwanja saa 11 alfajiri kama nilivyoelekezwa, mke wangu ananimulikia tochi. Chupa iliyobaki niliifungia kabatini pamoja na hati, na ikawa kila nikisafiri nalala nikiiwaza, imevuja, watoto wameinywa? Kesi niliwaza mara chache kuliko ile chupa. Siku nilipojistukia nilimwagilia mchicha.

Kwahiyo sikwambii uchane stika. Nakuuliza tu, siku ukiyasahau mafuta nyumbani, unapanda bodaboda au unarudi kuyachukua kwanza?

Na ile sanamu ya Mwalimu Nyerere pale Nyerere Square je?

Hapana. Watu wanapiga nayo picha wakitoka harusini, hayupo anayeiomba mvua. Siku likitoka tangazo kwamba zikipigwa baragumu na zumari kila mtu aanguke asujudu, kama Nebukadreza kwenye uwanda wa Dura, nitafute.

Shikamoo Mwalimu. Bibi yetu amefariki huku Mpwapwa, kwenye sanduku lake tumekuta shanga, kibuyu kidogo chenye mafuta kimefungwa kitambaa cheusi, na kigoda chake. Watu wa maombi wanasema tuchome vyote. Baba mdogo amekasirika anasema kigoda ni cha ukoo. Mimi ndo nimeachiwa funguo.

Marahaba, na poleni na msiba.

Kuna watu wawili kwenye Biblia waliokuwa na sanduku kama lako. Waefeso walioamini walikuwa na vitabu vya uganga, wakavileta wakavichoma hadharani, thamani yake ikapigwa hesabu fedha 50,000, na ni vyao wenyewe, hakuna aliyeingia nyumba ya mtu kubeba. Na Yakobo, yeye hakuchoma, aliwaambia watu wa nyumba yake wampe miungu ya kigeni na hereni walizovaa masikioni, akavifukia chini ya mwaloni kule Shekemu wakaendelea na safari. Kwahiyo moto sio lazima, na haraka sio lazima.

Uliza kitu kimojakimoja kilikuwa kinafanyiwa nini, waulize wazee waliokaa na bibi, sio watu wa maombi ambao hawakumjua. Shanga, wanawake wa Kigogo wamevaa shanga kwa urembo miaka yote, kama hakuna mwenye neno juu yake wape wajukuu wa kike. Kibuyu, kama wazee wakisema kilikuwa cha uaguzi na moyo wako unakataa, kitoe, fukia kama Yakobo, mweleze baba mdogo kabla na sio baada.

Kigoda mpe baba mdogo. Raheli aliiba vinyago vya baba yake, akavificha kwenye matandiko ya ngamia akavikalia, Labani anapekua hema zima, yeye kakaa juu yake anasema baba usikasirike siwezi kuinuka, niko kwenye siku zangu. Kama miungu kamili ya Labani ilikaliwa na isiseme neno, kigoda cha bibi akikikalia baba mdogo jioni anaota moto hakitafanya lolote, zaidi ya kulia kidogo kama miguu yake imelegea.